Tulicheza Bonoko, Aliyekufa Tukamsahau

Kama ulikuwa Nairobi wakati ule, hata leo ukisikia neno "bonoko" utacheka kabla hujafikiria.

Bonoko ni bunduki bandia. Kijana wa mtaani, chokoraa kama tulivyozoea kuwaita bila aibu, alisimama mbele ya kamera ya habari akaeleza alichokiona: polisi wamempiga mtu risasi, kisha wakamwekea bonoko ili aonekane jambazi. Huo ulikuwa ushahidi wa mauaji. Lakini kijana alikuwa na sauti yake ya kipekee na Sheng ya kutiririka, na madijei wakasikia muziki. Wakaikata klipu, wakarudiarudia neno lile moja, wakaweka biti chini yake. Matatu zikaicheza, klabu zikaicheza, na sisi tukaingia.

Na tuseme ukweli, rimiksi ilimsaidia. Kijana huyo, ambaye sasa nchi nzima ilimwita Bonoko, alipata kazi ya utangazaji Ghetto Radio. Bila ile biti, habari yake ingepita jioni moja na kufunikwa na ya kesho yake. Kwa hivyo siwezi kusema ati rimiksi ni dhambi.

Ila waulize waliocheza: aliyepigwa risasi aliitwa nani? Wananyamaza. Shahidi tunamjua kwa jina. Marehemu hata hatukuuliza.

Sio sisi pekee. Mwaka 2010, huko Huntsville, Alabama, Marekani, Antoine Dodson alihojiwa na runinga baada ya mwanamume kuingia kwao na kujaribu kumbaka dada yake. Kikundi cha Gregory Brothers kikageuza hasira yake kuwa wimbo, "Bed Intruder Song", ukafika hadi chati ya Billboard Hot 100. Dodson alipewa sehemu ya mapato. Watu waliimba maneno ya kaka, na wachache walimkumbuka dada.

Naona ni jambo lile lile: rimiksi humbeba anayeongea, ikamwacha njiani anayeongelewa.

Mtu ataniambia, buda, sisi ni watu wa disko matanga, tunacheza hata msibani. Kweli. Lakini disko matanga ina mwenyewe. Picha ya marehemu iko pale, jina lake linatajwa, na pesa zinazochangwa ni za kumzika. Hakuna anayecheza akisahau kwamba kuna mtu amekufa.

Sikuombi uache kucheza. Mimi mwenyewe biti ile ikianza, kichwa bado kinatikisika. Ila siku hizi klipu ikinifikia kwa WhatsApp, kabla sijaisambaza natafuta ile ndefu, ambayo haijakatwa, niisikilize hadi mwisho. Nataka kujua huyu mtu alikuwa anaongea kuhusu nani. Mara nyingine nikishajua, kicheko kinaisha, na simu naiweka chini bila kumtumia mtu yeyote.