Ramadhani 19: Imamu Shafii na Majirani Zake Makaburini

Nawaandikia baada ya futari, matumbo yametulia, maana mada ya leo inataka mtu aliyetulia.

Imamu Shafii tunamjua wote. Mtoto wa madrasa huku kwetu pwani anaanza kumsikia tangu anafundishwa nguzo za udhu. Lakini amezikwa wapi? Vijana wetu wanaosoma Azhar watawaambia: Cairo. Alifariki mwaka 204 Hijria, yaani 820 Miladi, na kaburi lake liko kwenye makaburi makubwa ya kusini mwa mji, wenyewe Wamisri wanaita Qarafa. Usifikirie makaburi kama ya kwetu, uwanja wenye miti ya mikilifi na mawe mawili matatu. Ule ni mji. Una mitaa, kuta, milango yenye kufuli, vyumba vya familia, na wapo watu hai wanaokaa humohumo, wanapika, wanafua, wanalea watoto. Miaka hii ya karibuni, tangu 2020, sehemu kadhaa zimebomolewa kupisha barabara, familia zikaambiwa zihamishe mifupa ya watu wao. Hata makaburini kuna kuhama nyumba.

Sasa tazama majirani zake Imamu. Upande huohuo wa kusini, kati ya mtaa unaoitwa kwa jina lake na ule wa Basatin, ndiko alikolazwa Umm Kulthum. Ndiko alikolazwa Abdel Halim Hafez. Yuko Farid al-Atrash, mpiga udi, na pembeni yake dada yake Asmahan, aliyekufa mwaka 1944 gari lilipotumbukia mferejini. Wote ni watu wa nyimbo na sinema, waliojulikana kuanzia Moroko hadi Iraki. Na huku kwetu pia, tusijifanye wageni. Taarabu yetu imetoka upande huo: Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni (ile ala ya nyuzi, si kanuni ya sheria). Wazee wengi wa Unguja na Mombasa walikuwa wanaifuata sauti ya Umm Kulthum kwenye redio ya Cairo wakati sisi hatujazaliwa.

Basi yule ambaye kwa kauli zake tunaswali na kufunga, na wale ambao kwa sauti zao watu walikesha, wako chini ya mchanga wa mji mmoja, na wote wanangoja kufufuliwa. Hilo peke yake linatosha kumnyamazisha mtu. Lakini sisi hatunyamazi. Msanii Muislamu akifa tu, simu zinawaka moto. Kundi la kwanza linaandika, "Nyimbo zake sasa zinamtafuna kaburini." Kundi la pili linaandika, "Pumzika, uko peponi na malaika." Wanatukanana usiku kucha, na Ramadhani wanatukanana baada ya tarawehe. Ukiwatazama vizuri, makundi haya mawili yanafanya kosa moja. Yote yametoa hukumu, na hakuna kati yao aliyeulizwa.

Tuna hadithi, iko katika Bukhari na Muslim, na mimi kila nikiisoma inanishika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita kwenye makaburi mawili akasema waliomo wanaadhibiwa. Kwa nini? Mmoja hakuwa akijikinga na mkojo. Wa pili alikuwa akitembea kati ya watu na maneno ya fitina. Kisha akachukua kuti bichi la mtende akalipasua vipande viwili, akachomeka kimoja kwenye kila kaburi. Wakamuuliza kwa nini, akasema huenda wakapunguziwa muda wote yatakapokuwa hayajakauka.

Tazama vitu vitatu hapo. Kwanza, aliyekuwa anajua kwa wahyi yanayotokea ndani ya kaburi ni yeye, si mimi wala wewe wala mwenye akaunti ya wafuasi laki mbili. Pili, majina ya watu wale wawili hayakutufikia. Wanazuoni waliofafanua hadithi hii wameona ni stara iliyokusudiwa. Tatu, yeye aliyejua, baada ya kujua, alitafuta cha kuwafaa. Kuti la mtende! Sisi tusiojua chochote, tukishakisia tu, tunatafuta cha kuwazidishia. Na huyo wa pili aliadhibiwa kwa lipi? Kwa kupeleka maneno. Kwa hiyo kijana anayekaa mpaka saa nane za usiku kusambaza habari chafu za marehemu mwimbaji, ajiangalie yeye yuko upande gani wa hadithi.

Najua mtasema, "Ustadhi, kwa hiyo muziki umekuwa halali?" Sijasema hivyo. Suala la ala wanazuoni wameliandikia vitabu, na msimamo wa wengi katika madhehebu yetu ni mkali, mnaujua. Leo sizungumzii hukumu ya wimbo. Nazungumzia hukumu ya mtu aliyekufa, hayo ni mambo mawili. Na kuna aliyeleta swali kama inafaa kumswalia mpiga kinanda wa mtaani kwao. Ni Muislamu? Basi anaswaliwa. Nenda.

Turudi Cairo, kwa sababu mazishi ya Umm Kulthum yana jambo la kutufundisha. Huyu mama alizaliwa kijijini, baba yake imamu wa msikiti, akasomeshwa Kurani utotoni. Baba ndiye aliyeanza kumtembeza kwenye sherehe akiimba mambo ya dini, na alikuwa akimvalisha nguo za kiume ili watu wasiseme. Alifariki tarehe 3 Februari 1975. Maziko yakacheleweshwa siku mbili, kungoja wageni wakubwa. Jeneza lilipotoka, umati uliziba barabara, mamilioni kwa hesabu zilizotajwa. Watu wakawanyang'anya jeneza waliopangiwa kulibeba, wakaanza kupokezana mabegani, mtaa hadi mtaa, kwa saa kadhaa, nje kabisa ya njia iliyopangwa, hadi msikiti wa Sayyidna Husein.

Pale msikitini alikuwapo shehe. Angeweza kupanda juu akahutubia mamilioni kuhusu ubaya wa nyimbo. Angeweza pia kujikombakomba kwa umati. Inasimuliwa kwamba alimwombea, kisha akawaambia waliobeba wampeleke moja kwa moja kaburini, kwani alikuwa mwanamke mwenye dini, na mwenyewe angependa azikwe haraka kama desturi ya Waislamu. Wakamsikiliza. Wakaenda wakamzika.

Mimi naona huyu shehe ndiye pekee siku ile aliyemtazama kama maiti. Serikali ilimwona fahari ya taifa. Umati ulimwona wao. Yeye aliona mtu aliyekwisha kufa ambaye ana haki zake: kuoshwa, kuvishwa sanda, kuswaliwa, kuzikwa mapema. Na lile neno lake la kumtaja kwa wema halikuwa hukumu ya pepo. Alitaja alichokijua cha heri, basi.

Maiti hana mkono. Yanayofanywa kwa jina lake baada ya hapo ni yetu sisi. Imamu Shafii mwenyewe ni shahidi. Katika kitabu chake *al-Umm* ameeleza kwamba anapenda kaburi lisinyanyuliwe zaidi ya kiasi cha shubiri, na lisijengewe wala kupakwa chokaa. Nini kilitokea? Mwaka 1211 Sultani al-Kamil akamjengea kuba ya mbao iliyofunikwa risasi, kubwa ajabu, na juu yake wakaweka jahazi dogo la madini. Mpaka leo ni miongoni mwa makuba makubwa ya Misri, watu wanakwenda kulipiga picha. Hivi kesho mbele ya Mola, Imamu ataulizwa kuhusu kuba ambalo alikwisha kusema halipendi? Hata mtoto wa madrasa atajibu hapana.

Sasa ukikubali kwa Imamu, uwe mwadilifu, ukubali na kwa jirani zake. Mchukueni Shadia, mwigizaji na mwimbaji aliyekuwa kipenzi cha Wamisri. Katikati ya miaka ya 1980 aliacha vyote, akavaa hijabu, akakaa mbali na kamera kwa miaka zaidi ya thelathini hadi alipofariki Novemba 2017. Akazikwa Cairo hiyohiyo. Lakini filamu zake za ujana hazikuacha kuonyeshwa, na zinaonyeshwa mpaka leo. Kuna watu wanasema, "Toba gani hiyo, mbona picha zake bado zinatembea?"

Ni swali zito, silipuuzi, kwa sababu iko hadithi sahihi kwamba mwenye kuanzisha mwenendo mbaya hubeba mzigo wake na mzigo wa wanaomfuata. Ila wanazuoni wa usul walikwisha kulikuta suala kama hili zamani, kabla ya filamu. Wanatoa mifano. Mtu kaingia shamba la kupora, kisha katubia, anatoka: hatua zake za kutokea bado zinakanyaga ardhi ya watu, je, ni dhambi? Mtu kaufyatua mshale, katubia ukiwa hewani, haujafika. Mtu kaeneza uzushi, akaurudi, na watu bado wanaufuata. Wakasema: ametimiza lililo wajibu juu yake, hata kama uharibifu umebaki. Anachowajibika nacho ni kujitahidi kuuzuia kadiri ya uwezo wake.

Kwa hiyo Shadia tunamdhania heri, mshale ulikwisha mtoka. Lakini je, yule anayeuokota mshale uliokwisha anguka, akaupangusa vumbi, akauweka tena kwenye upinde? Hapo simzungumzii tena marehemu. Hadithi ileile inaendelea kusema kwamba mzigo wa wafuasi haupungui kitu kwa kuwa kiongozi wao ameubeba. Unayebofya unabeba wako mzima mzima. Kusema "alaumiwe aliyeimba" hakukupunguzii hata chembe.

Na jambo hili si la mastaa wa Cairo tu, ndugu zangu, na ndiyo sababu nimelileta hapa. Zamani, mtu ili sauti yake ibaki baada ya kufa ilibidi awe Umm Kulthum, awe na redio na kampuni ya sahani za santuri. Leo kila mmoja ana simu. Mabinti zetu wamerekodiwa wakicheza kwenye singo, vijana wamerekodiwa wakifanya upuuzi wa ujana, na video hizo ziko kwenye simu za watu mia. Wengine wameshatubia. Wengine wako Kisutu, wako Mwanakwerekwe, mchanga umekauka juu yao, na bado wanacheza kwenye stetasi ya mtu aliyeandika chini yake "nimekumiss shoga yangu". Anadhani anamkumbuka. Kweli anampenda, sikatai! Lakini huyu binti kichwa chake kilifunikwa sanda na wanawake wenzake, wewe unakifunua tena mbele ya watu mia nne, naye hana mkono wa kukuzuia.

Kama mtu yuko hai amekuomba ufute, futa leo kabla ya daku, usimwambie "kwani kuna nini". Kama amefariki hakuwahi kuomba, jiulize angekuwa na ulimi sasa hivi angesemaje. Jibu unalijua. Picha moja ya heri kwa ajili ya wanawe, weka. Zilizobaki ziondoe, na kwenye lile kundi la familia waombe na wengine waondoe, kwa upole, bila kumtangaza marehemu alifanya nini kwenye hizo video. Ukimtangaza umerudi kwa yule mwenye kaburi la pili.

Halafu kuna la safu. Wafiwa wengi wa siku hizi wanahesabu magari, wanahesabu waliotoa pole mtandaoni. Katika Muslim imepokewa kwamba Muislamu akiswaliwa na watu arobaini wasiomshirikisha Allah, wakamwombea, maombi yao hukubaliwa. Arobaini tu. Mtaa wowote wenye msikiti unawapata. Mpiga kinanda wa mtaani hana mamilioni wa kumbeba mabegani, ila arobaini anaweza kuwapata kama wale waliokuwa wakicheza harusini kwake watatawadha na kuingia ndani, badala ya kubaki barazani wakipiga soga mpaka jeneza litoke. Tumewaona hao, wapo kila msiba. Safu za swala ya jeneza ni tatu zinatosha, haina rukuu wala sijida, dakika tano. Asiyejua dua yake aje baada ya swala ya Alfajiri, imamu atamwelekeza.

Ewe Mola, warehemu waliotangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, wa Cairo na wa kwetu. Amin.

Kesho inshaallah tunaanza masuala ya zakaatul fitri. Wenye maswali leteni mapema, msingoje usiku wa kuandama mwezi.