Ujumbe Hufika Lini?

Wanazuoni wameliuliza swali hili kuhusu Mola na waja wake, na mahakimu wakaliuliza kuhusu muuzaji na mnunuzi. Mimi nimelikuta ndani ya kasha la chuma lenye feni, katika chumba cha simu cha kampuni moja mjini Tanga. Mtu amesema neno. Neno limehifadhiwa salama, halikupungua hata herufi. Aliyekusudiwa hajui kwamba limesemwa. Je, ameambiwa? Na kama hakuambiwa, lawama ni ya nani?

Mimi ni fundi simu. Nilianza kupanda nguzo enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994 na upande wa simu kuwa TTCL. Sasa nimestaafu, naishi Shebomeza, huku Amani, ambako ukungu ukishuka asubuhi huoni mstari wa pili wa chai, na ukitaka mtandao wa simu ya mkononi sharti ujue kona ya barabara ya kusimama. Mafundi vijana huniita niteremke Muheza hadi Tanga kila mtambo wa zamani unapong'olewa. Wao wanaujua unaoingia, mimi naujua unaotoka.

Kampuni hiyo ilikuwa na sanduku la sauti, ile huduma inayopokea simu wakati mwenyewe hayupo. Simu ikilia bila kupokelewa, mashine humkaribisha mpigaji aseme shida yake, humrekodi, na mwenye meza akirudi husikiliza. Sanduku lao la kwanza lilikuwa kasha lililojaa kadi, na kutoka kila kadi jozi za waya zikaenda kwenye swichi ya ofisi, ile PABX inayogawa simu kwa ekstensheni. Mgeni akitazama nyaya zile hudhani sauti ndiyo kila kitu. Kumbe uhai wa mtambo ulikuwa kwenye waya mwingine, mwembamba, ambao haukubeba sauti kabisa. Huo ulikuwa waya wa data, wa biti 1200 kwa sekunde. Simu ilipohamishiwa kwenye sanduku, swichi iliandika mstari mmoja mfupi kupitia waya huo: simu imeingia kwa poti ipi, aliyetafutwa ni nani, anayepiga ni nani, na herufi moja ya kueleza sababu. D maana yake mpigaji amelipigia sanduku moja kwa moja. A, mwenye simu ameagiza simu zake zote zihamishwe. B, anaongea na mwingine. N, simu imelia na hakuna aliyepokea. Utaratibu huo mafundi tunauita SMDI.

Bila mstari ule, sanduku ni kipofu. Linasikia sauti ya mtu lakini halijui inaelekea kwa nani, kwa hiyo linamwuliza mpigaji upya namba anayoitaka, na wengi hukata hapo. Sauti ikisharekodiwa, sanduku nalo hujibu kupitia waya uleule: washa taa ya ekstensheni fulani. Taa nyekundu ikawaka mezani. Haikusema nani amepiga wala ametaka nini. Ilisema tu kwamba kuna neno lako.

Mtambo mpya hauna kadi wala jozi za waya. Ni programu ndani ya seva, na kebo moja ya mtandao inabeba yote, sauti na habari za sauti, kwa lugha ya SIP ambayo kanuni zake zinazotumika hadi leo zilitolewa mwaka 2002. Habari za taa ziliwekewa kanuni yake mwaka 2004, nayo ina jambo lililonifikirisha sana. Zamani taa iliwaka hata kama hukutaka kujua. Katika utaratibu mpya, kwa kawaida, simu yenyewe sharti kwanza ijiandikishe kwa seva, iseme: nataka kupewa habari za ujumbe wangu. Isiyojiandikisha haipewi. Na ikishapewa habari, hutakiwa kurudisha jibu la kupokea, ili seva ijue kwamba haikusema na ukuta.

Kazi ya kuhamisha mtambo ilifanywa na wengine. Walihamisha masanduku yote, wakajaribu simu za wakubwa, zikafanya kazi. Simu ya stoo ilibaki ya zamani, ikaunganishwa kwa adapta, na adapta haikuwekewa mpangilio wa kuomba habari za ujumbe. Kwa hiyo simu ya stoo ikawa inapiga na kupokea vizuri, ila taa yake haiwaki.

Mtunza stoo ni jirani yangu, mzaliwa wa Mbomole. Kazini kwake simu za mkononi huachwa kwenye kabati la mlinzi hadi jioni. Asubuhi moja baba yake alifariki. Ndugu zake walipiga simu yake ya mkononi, haikupokelewa, wakapiga namba ya stoo. Yeye alikuwa nje akihesabu mzigo. Binamu yake akasema kwa utulivu na kwa ukamilifu: baba ametutoka, maziko ni leo baada ya Alasiri, njoo. Sanduku likayapokea maneno yale vizuri kabisa. Mtunza stoo akarudi mezani, akaandika vitabu vyake, akafunga stoo jioni, akachukua simu yake kwa mlinzi, na hapo ndipo akajua. Baba alikuwa ameshazikwa.

Matanga yalipokwisha, wazee wakaitisha baraza. Baba yake mdogo alikuwa mkali.

"Sisi tulisema, na sauti yetu imo mle mpaka leo. Kwani wewe hukuambiwa?"

"Baba mdogo, naapa sikusikia lolote."

"Kutosikia kwako si kutosema kwetu."

Nikaitwa mimi nieleze, kwa kuwa ndiye niliyetumwa na kampuni kutafuta kosa. Nikaeleza habari za adapta. Mzee akanisikiliza, kisha akasema kwamba hilo ni la mafundi. Wao walitimiza wajibu wao, na mtoto atoe mbuzi wa kuomba radhi. Neno lake lina uzito, na sitaki kulipuuza. Aliyesema ametua mzigo. Lakini je, mzigo aliouweka chini yeye umekwisha kuwa mabegani mwa mwenzake? Au pana mahali katikati ambapo mzigo haubebwi na yeyote?

Sheria ya nchi inakubali kwamba mahali hapo papo. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema pendekezo limefika pale linapojulikana kwa aliyepelekewa. Jibu la kukubali lina saa mbili tofauti. Humfunga mwenye pendekezo tangu linapotoka mikononi mwa anayejibu, na humfunga anayejibu pale tu linapojulikana kwa mwenzake. Ujumbe mmoja, saa mbili. Sheria haikuona aibu kukiri kwamba aliyetuma na aliyetumiwa hawaishi katika dakika ileile.

Mababu zetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya waya wa simu ya maandishi kufika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Walikuwa na mbiu. Pembe ya nyati haisemi neno hata moja. Ikilia, mtu huacha jembe, hutoka nje, huenda kusikiliza. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Jumbe hakuweza kusema amewatangazia watu kwa sababu tu tangazo lilikuwa kichwani mwake au kinywani mwa mpiga mbiu aliyelala nyumbani. Tangazo lilianza kuwadai watu pale pembe iliposikika. Asiyekwenda baada ya hapo, shauri yake. Taa nyekundu ya mezani ndiyo mbiu ya ofisi, na stoo ile pembe haikulia.

Katika dini yetu suala hili ni zito kuliko maziko ya mtu mmoja. Kur'ani inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu haadhibu watu kabla ya kuwapelekea mtume. Lakini mtume akishapelekwa Makka, je, amefika kwa mtu wa kila nchi? Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitazama swali hilo katika kitabu chake Faysal al-Tafriqa, akiwazungumzia Wakristo wa Rumi na Waturuki wa mbali wa zama zake. Aliwagawa mafungu matatu. Wapo ambao hata jina la Mtume halijawafikia. Hao wana udhuru. Wapo walioishi jirani na Waislamu, wakasikia habari zake kama zilivyo, kisha wakageuka. Hao hawana udhuru. Na wapo waliofikiwa na jina, lakini limefika limepotoshwa, wameambiwa tangu utotoni kwamba ni mwongo. Hao, alisema Al-Ghazali, ni kama fungu la kwanza, kwa kuwa walichosikia hakikuwa kitu cha kumsukuma mtu aende kutafuta.

Neno hilo la kusukumwa kutafuta ndilo ninaloliona lina ufunguo. Al-Ghazali hakudai kwamba mtu lazima awe amesikia kila kitu ndipo awajibike. Alidai awe amepata ishara ya kweli inayotosha kumtoa kwenye kiti. Akishaipata, kutotafuta ni kosa lake. Asipoipata, hakuna mwenye haki ya kumdai. Kwa kipimo hicho mtunza stoo wetu ni wa fungu la kwanza. Maneno ya binamu yake yalikuwa sahihi, yalikuwa yake, yalikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti chake, lakini hakuambiwa.

Mwenzangu mmoja wa kazi, Mwanglikana wa Magila, nilipomsimulia alinikumbusha kisa cha Samweli kule Shilo. Kijana analala hekaluni, anaitwa kwa jina, anainuka na kumkimbilia mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Mara tatu. Sauti ilifika wazi, na jina lilikuwa lake. Kilichokosekana ni habari ya nani anayeita. Eli, ambaye macho yake yalikwisha dhoofika na ambaye hakuisikia ile sauti, ndiye aliyemfumbulia kijana na kumfundisha namna ya kuitika. Tukacheka kidogo, tukakubaliana kwamba Eli alifanya kazi ya ule waya mwembamba usiobeba sauti. Mungu mwenyewe alipoita, palihitajika mtu wa kusema simu hii imetoka wapi.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana udhuru ni kitu kinachopendwa kuliko kinavyostahili. Kwenye mtambo mpya nimesema simu hujiandikisha ili ipewe habari. Kwa hiyo mtu anaweza pia kuamua asijiandikishe. Kampuni ile walikuwepo mabwana walioomba taa zao zizimwe kwa sababu zinawasumbua. Nje ya ofisi tunafanya hivyo kila siku: tunazima tiki za bluu za WhatsApp ili mwenye shida asijue kama tumesoma, tunaweka simu kimya tukijua mgonjwa yuko hospitali ya Bombo. Halafu tunasema hatukujua. Huyo si wa fungu la kwanza la Al-Ghazali. Kutopewa ishara na kuvunja pembe ya mbiu ni mambo mawili. Aliyepanga asifikiwe amekwisha fikiwa, kwa sababu amejua kuna wa kumtafuta, na amechagua.

Hivyo basi sioni kwamba ujumbe hufika kwa nukta moja. Msemaji hutua mzigo wake anaposema wazi na kuuacha mahali panapoaminika. Kwa hilo wazee wa Mbomole hawana deni. Mshikaji wa amana, awe tarishi, seva au fundi, hatui mzigo kwa kuhifadhi. Hutua anapokuwa ameamsha mwenyewe na kupata jibu kwamba ameamka. Na mpokeaji huanza kudaiwa pale ishara inapomfikia, si kabla, hata kama neno limekaa chini ya kiganja chake. Kwa hilo nililiambia baraza kwamba mbuzi hadaiwi mtoto. Kama yupo wa kudaiwa, ni aliyekabidhi mtambo na kusema kazi imekwisha kwa sababu sauti zinarekodiwa.

Baba mdogo hakuridhika siku ile. Aliniuliza kama nataka kusema kwamba mtu aliyesema kweli hana uhakika mpaka mwenzake aitike. Ndiyo, nataka kusema hivyo, na ninaye wa kunitangulia. Mtume Muhammad, katika hotuba ya kuaga, pale Arafa, mwaka wa 10 Hijria, hakutosheka na kusema. Aliwauliza waliokuwepo kama amefikisha, akangoja jibu lao, akamshuhudisha Mola wake juu ya jibu hilo, kisha akawaagiza waliohudhuria wawafikishie wasiokuwepo. Mwenye hakika kuliko wote juu ya ujumbe wake ndiye aliyeuliza.

Ninawasikia wahubiri wa pande zote, wenye vipaza sauti na wenye vipindi vya redio, wakisema juu ya watu wasiowafuata: tumekwisha waambia, hawana la kujitetea. Huenda. Lakini kurekodi si kufikisha, na sauti kubwa si taa. Mimi mtambo sikubali kuusaini tena kabla sijapiga ekstensheni zote, ya mkurugenzi na ya mlinzi wa geti, nikaacha neno kwenye kila sanduku na kungoja mwenye meza anipigie mwenyewe. Inachosha, na vijana hulalamika kwamba nawachelewesha. Anayedai kwamba amefikisha neno la Mungu kwa watu sioni kwa nini afanye pungufu ya hapo.