Asiyejua Maana: Deni la Neno Gumu

Methali ya Kiswahili husema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni kemeo kwa mtu asiyetambua thamani ya jambo alilotendewa. Hata hivyo, inawezekana kuisoma kwa namna nyingine, yaani kama kanuni ya wale wanaoyamiliki maneno: aliye nje ya maana na abaki nje. Usomaji huu wa pili ndio unaozua swali linalojadiliwa hapa. Je, mtu anayetumia neno ambalo wengi hawalijui ana wajibu gani kwa wasiolijua?

Mara nyingi swali hili hudhaniwa kuwa ni la mtindo tu. Tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko wa ushairi wa Kiswahili wamebishana kuhusu arudhi na kuhusu lugha inayomfaa mshairi, na hoja ya msamiati mkongwe imezungumzwa kana kwamba ni suala la ladha. Lakini swali hilohilo likipelekwa Garissa, hubadilika sura na kuwa la haki.

Garissa ni mji ulio ukingoni mwa mto Tana, na kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya. Wengi wa wakazi wake ni Wasomali. Mtoto anayekulia huko huzungumza Kisomali nyumbani, husoma Kiarabu cha Kurani katika dugsi, kisha hukutana na Kiswahili na Kiingereza shuleni. Katika mazingira hayo, takriban kila neno ni gumu kwa mtu fulani. Si ajabu basi kwamba wanafunzi hupenda kubadilishana maneno adimu ya Kiingereza na kuyapachika katika insha zao. Neno zito ni ushahidi kwamba safari ndefu ya masomo imefika mahali.

Anasa hiyo haistahili kubezwa. Chukua neno ‘petrichor’, ambalo wapenzi wa maneno adimu hulitaja sana. Liliundwa mwaka 1964 na wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe na lile linalotaja kiowevu kinachopita katika mishipa ya miungu. Hutaja harufu ya ardhi kavu inapopata mvua. Mfugaji anayengoja mvua za Gu baada ya ukavu wa Jilaal haihitaji lugha ya Kigiriki ili aijue harufu hiyo. Pua yake iliijua kabla ya wanasayansi kuipa jina. Hata hivyo, neno hilo linataja kwa pamoja jambo ambalo bila hilo huhitaji sentensi nzima. Neno adimu la namna hii halimnyang’anyi mtu kitu. Likifafanuliwa, msikilizaji hutabasamu kwa kuwa anakirudishia kitu chake mwenyewe jina.

Mfano wa pili unatoka karibu zaidi. Katika kambi za Dadaab, zilizoanza kupokea wakimbizi kutoka Somalia mwaka 1991, Wasomali hutumia neno ‘buufis’. Mtafiti Cindy Horst amelijadili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wakimbizi wa huko. Neno hilo linatokana na kitenzi kinachohusu kupuliza au kujaza hewa, na hutaja hamu kubwa ya kuhamia nchi ya mbali, hamu inayoweza kumjaa mtu hadi ikamtia maradhi ya moyo. Kiswahili hakina neno moja la hali hiyo, wala Kiingereza. Mtumishi wa shirika anayeandika tu kwamba mkimbizi ‘ana huzuni’ ametumia neno jepesi, na kwa wepesi huo amekosa kumwona mtu aliye mbele yake.

Kwa hiyo ugumu wa neno si dhambi. Kisomali chenyewe kinathibitisha jambo hili katika ushairi wake. Katika utungo wa gabay, mshairi hulazimika kurudia sauti moja ya mwanzo wa neno tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Sharti hilo humsukuma kwenye maneno ya kale na ya nadra, kama vile vina na mizani vinavyomsukuma malenga wa Kiswahili kwenye kikale. Lakini gabay huishi kwa kusikilizwa na kuhifadhiwa kichwani. Asiyeelewa huuliza, na mjuzi hueleza. Uswahilini pia, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalipokusanywa na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, alikuwapo Mwalimu Sikujua kuyafafanua. Bila ufafanuzi wa namna hiyo, sehemu kubwa ya mashairi hayo leo ingekuwa sauti tupu. Neno gumu, basi, huja na deni, na katika mapokeo haya mawili deni hilo lilikuwa na wa kulilipa.

Linganisha hali hiyo na neno moja la Kiingereza lililoingia Kaskazini Mashariki kwa njia nyingine. Mwezi Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo kutokana na vita vya wale waliotaka kujiunga na Somalia. Watu waliuawa, mifugo ilichukuliwa, na jamii zilikusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria iliyozuia mashtaka na madai ya fidia kwa matendo ya maofisa wa serikali katika eneo hilo baina ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Jina la sheria hiyo lilijengwa juu ya neno ‘indemnity’.

Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ni hali ya kutokuwa na hasara. Katika mikataba ya bima humaanisha fidia anayolipwa aliyepata hasara. Katika sheria ya mwaka 1970 humaanisha kinyume chake kwa mtazamo wa aliyeumizwa: kinga ya aliyetenda, asidaiwe fidia. Mjane wa Garissa ambaye mwanawe angemfungulia kamusi angeweza kuamini kwamba sheria imetungwa kwa ajili yake. Neno hilo halikuwa gumu tu. Lilikuwa na nyuso mbili, na uso uliomhusu mjane ulikuwa umegeuziwa ukutani.

Mwanasheria atasema kwamba taaluma yake haiwezi kwenda bila istilahi, na kwamba neno la kitaalamu huzuia utata. Hoja hiyo ni ya kweli, na inaihusu fasihi vilevile: mhakiki hawezi kuacha ‘arudhi’ au ‘takriri’ kwa sababu tu ni ngeni. Lakini haja ya kulitumia neno haifuti deni la kulieleza. Mwenye haki ya istilahi ndiye mwenye wajibu wa tafsiri.

Wala isidhaniwe kwamba tiba ni kuandika kwa maneno mepesi pekee. Neno lililotumika sana katika vita vile lilikuwa ‘shifta’, lenye asili ya Kihabeshi na maana ya jambazi. Kila Mkenya alilielewa upesi, na upesi huo ndio uliokuwa hatari. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuwa imegundua kwamba wengi wa wakazi wa eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. ‘Shifta’ ililigeuza dai la kisiasa kuwa wizi, na baadaye ikamwangukia hata Msomali ambaye hakuwahi kushika bunduki. ‘Indemnity’ ilificha maana kwa kutofahamika. ‘Shifta’ iliificha kwa kufahamika mno. Katika hali zote mbili aliyetajwa hakuulizwa.

Alhasili, kipimo cha kimaadili hakiko katika urefu wa neno wala ugeni wake. Kiko katika swali la iwapo anayeguswa na neno anaweza kuomba maana na akapewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, imempa mtu anayekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, katika lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Kwa maneno mengine, mbele ya askari, asiyejua maana ni lazima aambiwe. Mwalimu wa fasihi anayefurahia maneno adimu darasani, na mhakiki anayeyamwaga katika makala, hawana sababu ya kujiwekea sharti lililo hafifu kuliko hilo.