Tunawapenda Wakiwa Maiti

Enyi watu wa Msasani, wa Makangira na Mikoroshini, wa Namanga na Bonde la Mpunga, nanyi wa Kinondoni na Temeke msijitoe katika hesabu hii: binti zetu wa filamu wanakufa mara mbili, na mara zote mbili tupo. Kifo cha kwanza tunakitangaza kwa kicheko. "Yule kachuja." "Yule kafulia siku hizi." Cha pili tunakitangaza kwa kilio, kwa fulana zenye picha yake na foleni ya kuaga mwili. Kati ya vifo hivyo viwili ipo miaka ambayo mwanamke huyo hakutaka machozi ya mtu, alitaka alipwe haki yake. Hakulipwa.

Na kila mtu analijua hilo.

Tuhesabu basi, maana makosa ya wenzetu huwa hatuchoki kuyahesabu. Alikesha akishuti kwa posho isiyovuka nauli. Sisi tukaenda dukani kujaziwa filamu yake kwenye flashi, pamoja na nyingine kumi, kwa bei ya soda. Tukalipa kiingilio kibanda umiza, na hata senti moja ya kiingilio hicho haikumfikia. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA ya kuisimamia ipo, nasi tukapita kando yake tukisema kila mtu anafanya hivyo. Aprili 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo kulalamikia biashara ya filamu za nje zilizokuwa zikiwaua sokoni. Tulifanya nini? Tuliwacheka. Tukasema waboreshe kwanza kazi zao ndipo walalamike.

Kama kazi ni mbovu, mbona tunaiiba?

Wala msiseme umaskini ndio uliotufunza. Hapa hapa Msasani, kando ya Barabara ya Bagamoyo ya zamani, tangu 1966 palikuwa na sinema ya Drive-In, mahali ulipo leo ubalozi wa Marekani. Wazee wetu walilipa getini ndipo wakatazama filamu za Kihindi na za Kimarekani, wakawajua waigizaji wa Bombay kwa majina kama wajuavyo ndugu zao. Kulipia filamu si ugeni kwetu. Nargis wa Bombay tulimlipia. Aliyezaliwa Mwananyamala, anayelia kwa Kiswahili chetu, ndiye tuliyeona kwamba anastahili kuibiwa.

Na unafiki wetu una jinsia. Mwanamume akikaa miaka ishirini kwenye filamu tunamwita mkongwe. Mwanamke akikaa kumi tunauliza kwa nini hajaolewa. Asubuhi tunamhukumu kwa nguo zake, usiku tunazitafuta picha zake. Tunataka kujua nani anamlipia kodi ya nyumba, ilhali sisi ndio tuliokula fedha ya kodi hiyo. Anaombwa mwili wake ili apewe nafasi, na wajomba, majirani na viongozi wa dini wanaojua wanasema ndivyo dunia ya sanaa ilivyo. Ilivyo kwa amri ya nani? Akisimama na kusema, tunasema anatafuta kiki. Akinyamaza, tunasema alipenda mwenyewe. Ni mlango gani tuliomwachia wazi huyu?

Mtaniambia Marekani nako ni hivyo hivyo. Kweli. Florence Lawrence alikuwa nyota wa filamu bubu, na kampuni ya Biograph ilimficha jina, watu wakamjua kwa jina la kampuni tu. Mwaka 1910 ikavuma habari kwamba amekufa kwa ajali. Mwajiri wake mpya, Carl Laemmle, akalipia matangazo ya kukanusha, na wengi wanaamini ni yeye mwenyewe aliyeivumisha. Umati ukafurika St. Louis kumwona mfu aliye hai. Baadaye akaumia katika moto akiwa kazini, na filamu zilipoanza kusema, yeye akabaki na vijinafasi vya kupita nyuma ya wengine. Alikufa 1938. Kaburi lake halikuwekewa jina hadi 1991. Alipozushiwa kifo walimkimbilia. Alipokufa kweli walimwacha.

Wao walikuwa na udhuru wa kuwa wa kwanza. Sisi tuna udhuru gani?

Mwaka 2018 mchekeshaji King Majuto alizushiwa kifo tena na tena akiwa mgonjwa, nasi tukasambaza kabla ya kuuliza, hadi tarehe 8 Agosti habari ilipokuwa ya kweli. Mwaka huo huo waziri wa sanaa wa wakati huo, Mwakyembe, aliunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii, baada ya mzee yule kuwachekesha Watanzania kwa miongo kadhaa. Mei 2014 tuliwapoteza wasanii wetu wa filamu Adam Kuambiana, Rachel Haule na George Tyson ndani ya mwezi mmoja, tukaapa kwamba tumejifunza. Tulikuwa tumekwisha kuapa vivyo hivyo Aprili 2012, maelfu kwa maelfu pale viwanja vya Leaders, watu wakizimia mbele ya jeneza la mwigizaji Steven Kanumba. Katika maelfu yale, ni wangapi waliowahi kununua nakala halali ya filamu yake?

Rambirambi si mshahara.

Tusimtafute mwovu mmoja wa kumtwika. Msambazaji aliyenyonya alikuwa na wateja, na wateja ni sisi. Gazeti la udaku lilikuwa na wasomaji, na wasomaji ni sisi. Mzazi aliyemfukuza binti kwa kuigiza, kisha akajigamba alipomwona kwenye runinga, ni mmoja wetu. Basi yupo mwigizaji mnayemjua, anapanda daladala huku mkinong'onezana kwamba kafulia. Leo yu hai. Nunueni kazi yake leo, semeni leo mnayoyajua juu ya wanaomnyonya. Na kama hilo ni zito kwenu, basi siku ya msiba wake bakini majumbani.