Labani Akibadilisha Mshahara Mara Kumi

Kuna swali limerudi mara nyingi katika vikundi vyetu vya nyumbani, na safari hii nataka tulikalie badala ya kuliombea tu na kwenda. Mtu yuko kwa kampuni ambayo inapunguza watu kila mwaka. Rafiki zake wameenda. Kila mara mkubwa anasema hii ndiyo awamu ya mwisho, na kabla mwaka haujaisha barua zinatoka tena. Bado yeye ana kazi. Je, afanye kwa moyo wote, ama afanye tu ya kutosha asifutwe?

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya Nairobi. Hapana. Watu wazima hapa Garissa mnakumbuka simu za mezani, mnakumbuka kupiga foleni kwa kibanda cha simu na sarafu mkononi. Nyuma ya kile kibanda kulikuwa na fundi, karani na mlinzi.

Chukueni Telkom Kenya. Hadi Juni 1999 tulikuwa na shirika moja la posta na simu. Julai likagawanywa: Posta huku, Telkom kule, na tume ya kusimamia mawasiliano. Kuandikwa huko kulikuwa kama kuwa na shamba. Hata wakwe walikuwa hawaulizi maswali mengi. Halafu simu ya mkononi ikaja. Na ajabu ni kwamba Safaricom yenyewe ilianza kama idara ndani ya lile shirika la zamani. Mtoto akakua, akamzidi mzazi. Maelfu wakaachishwa kazi wakati kampuni ikitayarishwa kuuzwa. Mwaka 2007 France Telecom ikanunua asilimia 51 kwa dola milioni 390, na baadaye jina likawa Orange. Mwaka 2016 Wafaransa wakaondoka, Helios ikaingia. Mwaka 2017 jina likarudi Telkom. Februari 2019 ikatangazwa kwamba itaungana na Airtel, na mwaka huo huo wafanyakazi 575 wakaambiwa nafasi zao zitaondolewa kwa sababu ya muungano. Agosti 2020 muungano ukavunjwa. Yaani harusi haikufanyika, lakini notisi za harusi zilishatoka! Agosti 2022 serikali ikanunua zile hisa asilimia 60 za Helios kwa shilingi bilioni 6.09, na mwaka uliofuata Baraza la Mawaziri likageuza uamuzi huo.

Sasa fikiria wewe ni fundi wa laini na umekuwa hapo muda huo wote. Umebadilisha shati la kampuni mara tatu. Kila mwenye mali mpya anakuja na washauri wake na orodha yake.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo sitajifanya sijui hesabu. Kampuni ambayo mapato yake yanashuka na mishahara imebaki palepale inakula mbegu. Siku moja italala na wote watakosa. Kupunguza watu si dhambi kwa yenyewe. Majirani zetu wafugaji wanaelewa hili kuliko sisi watu wa ofisi: mvua ikikosekana mara mbili, mwenye busara anauza wanyama wengine wakiwa bado na nyama, ndiyo waliobaki wapate malisho. Kwenye ule ukame wa juzi, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, wengi waliosubiri walibaki na ngozi.

Lakini ng'ombe haulizwi, na ng'ombe hana karo ya shule. Hapo ndipo mfano unakatika, na hapo ndipo naona kosa la wakubwa wengi. Wanawahesabu watu kama mifugo. Wanajua mwezi wa kwanza kwamba mia tatu wataondoka, lakini wanatoa hamsini, halafu hamsini, ili wanunuzi wasishtuke na waliobaki wasikimbie. Katikati yake wanaapa kwamba imeisha. Mtu anachukua mkopo wa sacco kwa kuamini hilo neno. Anaanza nyumba. Huo sasa si uamuzi wa biashara, ni uongo, na mwenye kuulipia ni yule aliyeamini. Kukata mara moja, kwa ukweli, kunauma. Kukata kidogo kidogo huku ukimwambia mgonjwa amepona ni ukatili.

Kwa hivyo hasira ya mfanyakazi ina haki. Sitamwambia ndugu yeyote atubu kwa kukasirika. Yakobo katika waraka wake, sura ya 5, anasema ujira ulioshikwa na matajiri unapiga kelele na Mungu anasikia. Kama Mungu anasikiliza hizo kelele, mchungaji ni nani azinyamazishe?

Swali linabaki: hiyo hasira ifanye nini? Wengi wanaipeleka kwa kazi yenyewe. Wanachelewa, wanaacha laini imekatika hadi Jumatatu. Hebu tazameni anayeumia. Si mkurugenzi. Ni mama anayengoja simu ya mtoto wake aliye mbali. Na huku kwetu, ambapo milingoti ya mawasiliano imelipuliwa na al-Shabaab zaidi ya mara moja na watu wa Mandera, Wajir na Garissa wakakaa bila mtandao, fundi anayefanya nusu kazi anaweza kuacha kijiji kizima bila njia ya kuita msaada. Mwingine anayeumia ni mwenzako wa dawati la pili, ambaye anabeba kazi ya watatu walioenda na sasa anabeba na yako.

Mwanzo 31 inanisaidia. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20, joto mchana na baridi usiku, na mshahara ukabadilishwa mara kumi. Alifanya nini? Alichunga vizuri. Hakuna kondoo wa Labani aliyelipia kosa la Labani. Lakini pia hakujiita mtoto wa Labani milele. Alijijengea kundi lake akiwa bado kazini, kwa mapatano yaliyojulikana, na wakati ulipofika akaondoka. (Alivyoondoka kimyakimya mimi sipendi sana, lakini tuliache.) Na walipokutana njiani alimwambia wazi, mbele ya ndugu zake wote, alichotendewa.

Tunachanganya mkataba na agano. Agano ni la ndoa, ni la Mungu. Kampuni inakupa mkataba, na mkataba unadai saa zako na uaminifu wako kwa kazi, basi. Kutafuta kazi nyingine ukiwa bado na hii si usaliti. Kuanza duka pale Soko Mugdi na mke wako jioni si kukosa imani.

Lakini nina neno na sisi kanisani pia. Ndugu akipoteza kazi, Jumapili ya kwanza tunamwekea mikono. Ya pili anakaa kiti cha nyuma. Ya tano haonekani, kwa sababu bahasha ya zaka inapita na yeye hana kitu, na kwa sababu mtu fulani alimuuliza kama kuna dhambi ambayo hajaungama. Hilo swali ni baya na likome. Mtu hakutenda dhambi kwa sababu watu waliacha kununua simu za mezani.

Na kuna haki ambazo wengi hawazijui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi ya mwezi mmoja kabla, na afisa wa kazi ajulishwe. Inataka uchaguzi wa wa kuondoka uangalie muda wa kazi, ujuzi, uwezo na kutegemeka, si sura. Siku za likizo ambazo hukuchukua zilipwe. Na kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Mwenye mshahara wa 40,000 na miaka 12 anaongea juu ya karibu shilingi 240,000. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kupiga hiyo hesabu, hata kama wanakuharakisha na soda.

Jumapili baada ya ibada ya pili nitabaki hapo nyuma na kalamu na kikokotoo. Mwenye barua aje nayo. Asiye na zaka pia aje.