Ada ya Maji Yachemkayo

Atokaye Butembo kwenye baridi ya vilima vyake, akashuka hadi Beni, kisha akavuka mpaka kwa njia ya Kasindi na Mpondwe na kuuzunguka mlima Ruwenzori kupitia Fort Portal, hufika Sempaya, katika msitu wa Semuliki, ambako maji hutoka ardhini yakichemka, ilhali ng'ambo ya mto, si mbali, ni nchi ileile aliyoiacha nyuma. Chemchemi zenyewe ni mbili: ya kiume, Bintente, ni ziwa dogo lifukalo mvuke katikati ya nyasi za kinamasi, na ya kike, Nyasimbi, huruka kwa kishindo juu ya ukoko wa mawe meupe, na wageni hutumbukiza humo mayai, wakayala yameiva baada ya dakika kama kumi.

Mayai hayakunishughulisha, kilichonisimamisha ni ule ukoko. Maji yapandayo kutoka vilindini huja yamebeba chokaa, nayo yafikapo juu hutoa hewa ya ukaa iliyoyeyukia humo, na chokaa husalia, utando juu ya utando, hata pakawa na vidaraja vya mawe vyenye kingo nyembamba, kila kimoja na kidimbwi chake, vyeupe pale maji yanapopita na vya kijivu pale yalipokwisha hama. Kiongozi wetu alimkemea kijana aliyetaka kukanyaga kando ya njia, kwani chini ya ganda lile yamo maji ya kumbabua mtu ngozi.

Wenyeji husimulia juu ya mwanamume mgeni aliyetoweka penye chemchemi ya kwanza, na mkewe aliyemtafuta akatoweka penye ya pili. Wenye elimu ya ardhi nao husema kwamba Ruwenzori si mlima wa moto, bali ni pande la mwamba lililoinuliwa kando ya Bonde la Ufa, na kwamba maji ya mvua hupenya nyufa zake, yakashuka hata yakakutana na joto, ndipo yakapanda tena. Je, aliyekwisha kuijua sababu hiyo amemnyang'anya Mungu kazi yake?

Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikana kuwa moto ndio uunguzao pamba: tuonacho, alisema, ni mambo mawili yafuatanayo, na mtendaji ni Mungu peke yake, kwa ada aliyoipitisha. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Kordoba akamjibu baadaye kwamba mwenye kukana sababu ameikana akili yenyewe. Mbele ya vidaraja vya Sempaya hoja ya Ghazali ina uzuri wake, maana hapa ada imeganda ikawa jiwe, na mtu aweza kuigusa kwa kidole. Wala sioni kwa nini mcha Mungu aistaajabie ile rusharusha ya Nyasimbi kuliko subira iliyoujenga ukoko huu.

Lakini sisi wa Beni na Butembo hatuwezi kuishia hapo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa mashambani na majumbani mwao; na Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, ikaua zaidi ya watu 2,200 kabla haijakoma Juni 2020. Matangani husemwa, "Mungu amependa." Ikiwa kila panga liinuliwalo huinuliwa na Mungu pasipo wasita, basi neno hilo lina uzito ambao wasemaji wake hawakuupima. Na wakati wa Ebola, waliosadiki kuwa maradhi yana njia yake wakanawa mikono, wakakubali chanjo, wakawaachia wazishi wenye mavazi ya kinga maiti wa jamaa zao, hawakupungukiwa na imani kwa kufanya hivyo. Katika hili mimi ni wa Ibn Rushd.

Ghazali, kwa insafu, aliliona pingamizi la wenzake, kwamba bila sababu hakuna la kutegemewa, akajibu kuwa Mungu hutuumbia nyoyoni ilmu ya kwamba ada haitageuka. Jibu hilo lamtosha kiongozi wa Sempaya, aipitaye njia ileile kila siku pasipo kuungua. Mjane wa Beni, ambaye mumewe alikuwa na ada ya kwenda shambani na kurudi jioni, ana haki ya kuuliza ilmu yake yeye ilikuwa ya nini. Wala sijamwona padri au shehe aliyethubutu kumsomea Ghazali.