🌙 *RAMADHANI, SIKU YA 18: "Aache kwanza, ndio arudi"*



Juzi baada ya Tarawehe mzee mmoja alinivuta pembeni. Binti yake anatumia unga. Kaachika, analala maskani, na sasa anaomba kurudi nyumbani. "Nimemwambia aache kwanza, ndio arudi. Nimekosea?" Nikamjibu haraka: hujakosea, mzee wangu.

Ameniruhusu niandike bila jina, kwa sababu aliyekosea ni mimi.

Sikuuliza alianzaje. Tukivaa viatu, mzee akasema mwenyewe: mume alikuwa akimpiga, miaka mingi. Mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu binti anajikunyata, na usiku huamka akipiga kelele. Unga ndio uliokuwa unamlaza.

Hapo kuna maradhi mawili: kiwewe na uteja. Akiacha unga, arosto inamtesa siku kadhaa, halafu zile ndoto zinarudi na hana cha kuzituliza. Anarudia. Sisi tunasema hana nia. Zamani hata wataalamu wengi walisema aache kwanza, kiwewe baadaye. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Lisa Najavits, alichapisha mwongozo wa kutibu yote mawili kwa pamoja. Haumlazimishi mtu kusimulia yaliyompata. Unaanza na usalama: alale wapi, amwamini nani, afanye nini hofu ikimshika.

Basi tukisema "aache kwanza," tunamnyima kile kile ambacho kingemsaidia kuacha.

Mtu atauliza: si kuhalalisha haramu huko? La. Haramu ni haramu. Lakini hata pombe ilikatazwa kwa hatua. Na katika Sahihi Bukhari imo habari ya sahaba aliyeletwa mara nyingi kwa ulevi. Aliadhibiwa, lakini mtu alipomlaani, Mtume (s.a.w.) alikataza, akashuhudia kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Kosa lilibaki kosa, na mtu alibaki mwenzao.

Na tuseme ukweli. Kijana wa kiume akitoka soba hausi tunamshukuria Mungu. Binti tunamuuliza alikuwa akilala kwa nani. Halafu tunashangaa wanawake ni wachache kwenye matibabu!

Kwa mwenye binti kama huyu:
▪️ Mpe chumba chenye komeo kwa ndani. Sharti liwepo: unga usiingie nyumbani.
▪️ Mpeleke kliniki ya methadoni; Muhimbili ipo tangu 2011. Waelezeni wahudumu habari za ndoto na kipigo pia, akiridhia mwenyewe.
▪️ Dozi hunywewa kila siku. Asiikatize kimya kimya kwa ajili ya funga. Mgonjwa ana ruhusa. Aongee na daktari na shekhe.
▪️ Akirudia, usimfukuze siku hiyo hiyo. Mrudishe kliniki.
▪️ Siri yake isifike barazani.

Jana nilimpigia mzee, nikamwambia nilikujibu vibaya. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Chumba cha uani kiko wazi. Nitatafuta fundi wa komeo."

Ewe Mola, wasitiri mabinti zetu, waponye, na utuepushe sisi tusiwe mlango uliofungwa mbele yao. Amin.

_Mtumie na mwenzako._